Kurasa mbili zilizoshikana

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na watoto wangu wamekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu ambao shule zikifungwa Juni na Desemba wanabaki na watoto mchana kutwa, wakijiuliza wafanye nini ili mtoto asirudi darasani amesahau hata kile kidogo alichokuwa nacho. Nimepita hapo. Nilipoteza fedha, nilimliza mwanangu, na kuna binti wa jirani nilimwumiza kwa namna ambayo nikiikumbuka moyo bado unauma. Mambo yalikuja kunyooka baadaye, ila hayakunyookea pale nilipopanga mimi.

Ilianza Juni mwaka jana. Mwanangu wa pili alikuwa darasa la tatu, akarudi na ripoti ya muhula: Kiswahili C, Kiingereza D, na chini mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Ajitahidi kusoma." Mwaka unaofuata ni darasa la nne, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Kila mwenye mtoto shule ya msingi anaijua hofu hiyo. Usiku ule sikupata usingizi. Twisheni ya mtaani ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, watoto wamebanana kwenye chumba kimoja tangu asubuhi, wanakopi maswali ubaoni kama vile shule haijafungwa. Serikali imeshasema zaidi ya mara moja kwamba likizo ni ya kupumzika na shule zisiendeshe masomo, lakini twisheni za uchochoroni nani anazizuia? Nikasema huyu nitamsimamia mwenyewe, hapa hapa barazani.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo nilipokwenda mjini kununua vitabu. Wateja wangu wengi ni wazazi wenye watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza. Nikiwapima watoto wao sare nawasikia Kiingereza kinavyowatiririka, na nikiri kwamba wivu ulinikaa rohoni. Nikanunua vitabu vinne vya hadithi vya Kiingereza, kila kimoja 12,000, kamusi 11,000 na kitabu cha mazoezi 9,000. Jumla 68,000. Kwa fundi kama mimi hiyo ni faida ya mashati ya sare zaidi ya ishirini. Mwanangu sikwenda naye. Sikumwuliza anapenda nini. Nilichagua vyenye jalada zuri na maandishi mengi, nikijua kwamba kitabu kinene kinamaliza likizo.

Nyumbani nikabandika ratiba ukutani: saa tatu hadi saa tano asubuhi kusoma, saa kumi hadi kumi na moja jioni mazoezi. Nikaongeza na ahadi: kila kurasa kumi utakazomaliza, nusu saa ya simu yangu. Wiki ya kwanza nilijiona mzazi hodari. Mtoto anakaa na kitabu, anafunua kurasa, jioni ananiambia, "Mama, nimefika ukurasa wa 34," nampa simu.

Siku ya nane nilikiokota kile kitabu mezani nikitafuta chaki yangu ya kuchorea. Jicho la fundi linaona kitambaa kilichokatwa vibaya hata kwa mbali, na nikaona kwamba juu ya kitabu kuna kurasa ambazo mashine haikuzikata sawasawa. Ukurasa wa 18 na ule wa 19 zilikuwa bado zimeshikana kwenye ukingo. Huwezi kuzisoma bila kuzitenganisha kwa mkasi au kwa kisu. Hakuna aliyezitenganisha. Na mwanangu alishafika wa 34, ameshalipwa na simu.

Nilimwita. Nikachukua rula ya mbao ninayopimia vitambaa, nikamchapa mkononi mara mbili. Siandiki haya kujisifu, nayaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alilia kimya kimya, halafu akasema neno moja lililonikata maini: "Mama, mimi hayo maneno siyajui. Hata la kwanza."

Nikashusha rula. Nikampa gazeti la Kiswahili lililokuwa limefungiwa vifungo, nikamwambia asome. Akasoma! Haraka, bila kukwama, kama mtangazaji. Nikafurahi, nikamwuliza, "Haya, huyo mtu alifanya nini?" Akaniangalia, akaliangalia gazeti. "Sijui, mama. Linasema tu."

Linasema tu. Maneno hayo yalikaa na mimi kutwa nzima.

Jioni nilivuka kwenda kwa jirani yangu ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Shikamoo na habari za nyumbani zilipokwisha nikamweleza yote, na rula pia. Hakunicheka. Aliniambia Kiswahili kina tabia yake: herufi zake hazidanganyi. Mtoto akishajua silabi, ba be bi bo bu mpaka mbwa na ng'ombe, anaweza kulitamka neno lolote hata kama halijui. Ndiyo maana mzazi anadhani mtoto anasoma, kumbe anatamka. Madarasa ya chini yanafundisha KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kazi ya kutoa sauti inafanyika vizuri tu. Kuelewa kunakuja kwa kusoma mengi, tena mengi yanayomhusu, na darasa la watoto themanini wenye kitabu kimoja kwa wanne haliwezi kumpa hayo mengi peke yake.

Akanieleza na jambo la Marekani alilosoma alipokuwa masomoni. Kule likizo ndefu ni ya kiangazi, inaanza kama Juni na kuendelea hadi Agosti. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi za nyuma wakaona kwamba watoto wakirudi wanakuwa wameshuka kwa wastani wa kama mwezi mmoja wa masomo, na kwenye kusoma, watoto wa familia za kipato cha chini ndio wanaoachwa nyuma. Baadaye Richard Allington na Anne McGill-Franzen wakafanya jaribio Florida, kwenye shule za watoto wa familia maskini. Walichofanya ni kitu kidogo sana: kila mtoto alichagua vitabu 12 avipendavyo, akaondoka navyo viwe vyake, na kila kiangazi kwa miaka mitatu mfululizo wakarudia. Hakuna twisheni, hakuna mwalimu wa likizo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba watoto waliopewa vitabu waliwazidi kusoma wale ambao hawakupewa.

"Umesikia hapo?" jirani akaniuliza. "Walichagua wenyewe."

Nilisikia, lakini kusikia na kukubali ni vitu viwili. Njiani nikirudi bado nilikuwa nawaza mtoto wa darasa la tatu atachagua nini cha maana. Mwalimu alikuwa amenipa kijitabu kimoja cha Kiswahili, kurasa 24, picha nyingi, kuhusu mbuzi anayepelekwa mnadani. Nikakiona cha kitoto. Nikakitupia kwenye mfuko wa nguo za mwanangu.

Nasema mfuko wa nguo kwa sababu wiki ile ile nilipata oda ya kushona sare za kwaya, 40, na sikuweza kumsimamia mtu. Baba yake mdogo alikuwa anakwenda kijijini Mvumi, nikamwomba ampeleke mtoto kwa bibi yake. Kwangu ilikuwa ni kushindwa. Niliona likizo imekwisha bure.

Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya sabini. Mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikuwa binti ameolewa juzijuzi tu, na akaingia darasa la jioni na wanawake wenzake, mtoto mgongoni, wanasoma kwa koroboi. Hakuwahi kukaa shuleni, lakini kusoma na kuandika alivipata pale na anavionea fahari mpaka leo. Shida yake ni macho. Maandishi ya ukubwa wa kawaida hayaoni tena.

Siku ya kumi na moja tangu aondoke nilimfuata mtoto. Juni kwetu ni upepo na vumbi, na asubuhi baridi inauma, na kule Mvumi uwele ulikuwa umeshavunwa, watu wanapura. Nilifika mchana sikubisha hodi, kwa sababu nilisikia sauti ya mwanangu nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye kona ya zizi. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kitabu magotini. Bibi yake anapepeta uwele kwa ungo, na pembeni kuna bibi mwingine, jirani, ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mwanangu anasoma sentensi mbili tatu, bibi anamgeukia mwenzake anamwambia kwa Kigogo, wanajadiliana, kisha anasema, "Endelea, baba."

Akasoma mbuzi alivyofungwa kamba alfajiri kupelekwa mnadani. Bibi akasimamisha ungo.

"Wanataka kumwuza kwa shilingi ngapi?"

"Haijaandikwa, bibi."

"Tazama vizuri. Mtu hapeleki mbuzi mnadani hana bei kichwani."

Na hapo mwanangu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alirudi nyuma. Akafunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, kidole kinapita juu ya mistari, midomo inacheza, mpaka akapiga kelele: "Hii hapa! Baba alisema hamwachi chini ya elfu themanini!" Bibi akamtafsiria mwenzake, na wale wazee wawili wakaanza kubishana kwa Kigogo kama bei ni nzuri au mwenye mbuzi anaonewa. Bibi mwingine akataka kujua ni dume au jike. Mtoto akaiangalia picha kwa makini, akajibu.

Nilibaki pale nyuma ya zizi nikifuta macho. Likizo nzima nilikuwa namwuliza amesoma kurasa ngapi. Bibi yake alimwuliza habari za mbuzi.

Kile kijitabu nilichokiona cha kitoto alikuwa amekisoma mara sita, maana kila mgeni aliyepita pale alisomewa. Sasa najua kurudia kitabu si uvivu. Mtoto anayerudia kitabu anakipenda, na kila akirudia anaona jipya. Usimwambie "hicho umeshasoma, chukua kingine." Mimi nilikuwa nasema hivyo.

Tuliporudi mjini nilimpeleka dukani mwenyewe, nikampa 15,000 mkononi, nikamwambia chochote atakachochagua ni sawa. Akachagua kimoja cha nyoka, kimoja cha hadithi za sungura na fisi, na kingine chembamba ambacho kwa macho yangu kilikuwa cha darasa la kwanza. Ulimi uliniwasha. Nilikaa kimya. Vyote vitatu vilikuwa 13,500, chenji akanunulia karanga. Vile vinne vya Kiingereza bado viko kabatini, na si vibaya, ipo siku vitasomwa. Ila kama mtoto wako anasoma shule ya Kiswahili na nyumbani mnaongea Kiswahili, anza na Kiswahili. Atakapokuwa na mazoea ya kutafuta maana kwenye lugha anayoijua, ataitafuta na kwenye ile nyingine.

Wengine mtauliza maktaba. Dodoma tunayo maktaba ya mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nawashauri mpeleke watoto waone tu chumba chenye vitabu vingi kuliko walivyowahi kuota. Ila jiandaeni. Uliza mapema siku na saa za kufungua, ada, na masharti ya kuazima, maana mimi nilikwenda kichwa kichwa na tukasoma pale pale tukarudi mikono mitupu. Kwenye daladala likizo ina taabu yake, konda akimwona mtoto hana sare anataka nauli ya mtu mzima. Siku hizi wangu wakienda mjini wanavaa shati la shule au wanabeba kitambulisho, tukakubaliana hivyo na kwisha.

Bei ndiyo iliyonitoa jasho. Mtoto akishaanza kupenda, vitabu vitatu anavimaliza kwa wiki, na kila kimoja ni elfu tatu mpaka saba. Jirani yangu mwalimu akanionyesha African Storybook, tovuti yenye hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuzisoma na kuzichapa bure. Nilizipakua kwa simu, nikazipeleka steshenari zikachapwa nyeusi na nyeupe. Hadithi ya kurasa kumi na mbili, ukichapa mbele na nyuma, haikunifikisha hata elfu mbili. Kurasa nikazishona katikati kwa uzi mnene wa jinzi, jalada nikalifanya kwa kaki iliyobaki kwenye sare. Zinadumu kuliko za dukani, na hilo nalisema kama fundi.

Ndivyo tulivyofika Desemba, na ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote.

Watoto wa mtaani walikuwa wameshazoea kuja kuchungulia vitabu vya mwanangu. Nikatandika turubai chini ya mwarobaini, nikasema Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu na nusu mpaka saa nne na nusu, anayetaka kusoma aje. Siku ya kwanza walikuja tisa, wiki ya pili kumi na wanne. Desemba kwa fundi ni msimu wa nguo za Krismasi na maandalizi ya sare za Januari, hivyo nilikuwa nashona huku nawasikiliza. Nikaona utaratibu mzuri ni kila mtoto asimame asome ukurasa mmoja kwa sauti, wenzake wasikilize.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la tano, mrefu, mpole, anayewasaidia wadogo kunawa mikono. Zamu yake ikafika. Alisimama, akashika kitabu, akanyamaza. Nikamwambia, "Soma, mwanangu, usione haya." Akanyamaza. Nikarudia, mguu bado uko kwenye cherehani. Akajaribu neno la kwanza, akalikata vipande, akalikosea. Mtoto wa darasa la pili akamsahihisha kwa sauti kubwa. Wengine wakacheka. Mimi badala ya kumwokoa nikasema, "Darasa la tano hujui hata hilo?"

Aliweka kitabu chini kwa utaratibu, akavaa ndala zake, akaenda kwao. Hakuja Jumatano. Hakuja Ijumaa. Nilimwona kisimani, akageuka njia.

Nimeshona nguo za watu miaka kumi na minne. Ukikata kitambaa vibaya unaweza kuunga, kuweka lisani, kubuni mfuko juu ya mshono. Ile aibu niliyompa mtoto wa watu mbele ya wenzake sikujua naiunga vipi. Mwisho nilikwenda kwao jioni, nikamwomba mama yake nizungumze naye, nikamwambia binti mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyekosea na ninamwomba radhi. Hakujibu, aliangalia miguu yake. Nikamwambia pia kwamba nina wadogo watano wa chekechea wanaonisumbua wakati wenzao wanasoma, na nahitaji mtu wa kukaa nao na vitabu vya picha.

Alikuja Jumatatu. Nilimpa wale wadogo na vitabu vyenye mstari mmoja au miwili kwa ukurasa. Kwa watoto wa miaka minne hakuna anayekucheka ukikata silabi, wao wanataka kujua tembo yuko wapi. Kabla ya kuwasomea alikuwa anachukua kitabu anakwenda nyuma ya tangi la maji kukipitia peke yake kwanza, ili asikwame mbele yao. Sikumwambia nimemwona. Mpaka shule zinafunguliwa Januari alikuwa amevipitia vitabu kumi na saba namna hiyo.

Tangu siku ile, kwenye turubai letu hakuna kusimama na kusoma kwa sauti. Watoto wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anafuatisha kwa kidole, au anasoma kimya, au anamsomea mdogo. Anayetaka kuwasomea wote anaomba mwenyewe. Wanaomba, tena wanagombea. Mimi nimebaki na swali moja tu ninalouliza nikiwa kwenye cherehani: "Nini kimetokea huko?" Na nikiulizwa neno nisilolijua nasema silijui, tunakwenda kwenye kamusi pamoja.

Mengine ni ya kujifunza kwa macho. Vumbi la Dodoma linaua vitabu, kwa hiyo nilishona pazia lenye mifuko, kila mfuko unaingia kitabu kimoja, nikalitundika ndani ya baraza. Mtoto anaona majalada yote kwa mpigo, anachomoa, anarudisha. Kabla ya hapo vilikuwa kwenye boksi na vya chini havikuguswa kabisa. Ubuyu wa rangi usiuruhusu karibu. Nina vitabu vitatu vyenye vidole vyekundu kila ukurasa, na rangi ile haitoki. Karanga sawa, maji ya kunawa yawepo. Weka daftari la kuazima na mwachie mtoto mkubwa kidogo alishike. Kati ya vitabu 31 tulivyokuwa navyo, vitano havikurudi. Niliuma meno, nikaamua kutomfuata mtu nyumbani, kwa sababu mtoto akigombezwa kwa ajili ya kitabu, mzazi wake atamkataza kuazima kingine. Na mvua za Desemba zikianza baadhi wanapelekwa vijijini kulima. Hao wape viwili waende navyo, na usitegemee kuviona kabla ya shule kufunguliwa.

Hesabu yangu yote, ukiacha zile 68,000 za mwanzo, ilikuwa kama 74,000 kwa likizo mbili: vitabu vya dukani, kuchapa, turubai la mtumba, uzi. Kaki ilikuwa mabaki. Mzazi mmoja mmoja hawezi, lakini kina mama watano wakichanga 5,000 wanaanza vizuri sana.

Mwanangu sasa yuko darasa la nne. Kiswahili ripoti ya mwisho ilikuwa B. Sijui upimaji utakuwaje, na kusema kweli nimeacha kuliwazia hilo usiku. Ananisomea nikiwa nashona, na mashine ikipiga kelele ananiambia, "Mama, simama kwanza, hapa panatisha."

Likizo ya Juni imebaki wiki mbili. Nimeshona mifuko mingine sita kwenye pazia. Yule binti amenikabidhi orodha ya vitabu anavyovitaka kwa ajili ya wadogo zake, ameiandika mwenyewe. Na juzi mama mkwe alipiga simu kutoka Mvumi, akamtaka mjukuu wake moja kwa moja. Alitaka kujua kama anakuja, na kama kuna kitabu kingine chenye mnada, kwa sababu mwenzake wa jirani bado anashikilia kwamba elfu themanini ilikuwa ndogo.